Mashimo Manne ya Chatu

Nina ngano!
"Itoe!"
Niitoe nusu?
"Itoe yote!"

Hapo kale jua liliwaka mpaka mito ikakauka, ikabaki chemchemi moja, na Chatu kajilaza juu yake. Mama Kanga alikuwa na vifaranga watatu. Siku ya tatu bila maji, hata kulia walishindwa. Moyo ukamuuma, akaenda kwa Chatu.

Akakuta wanyama wamejaa. Chatu kachimba mashimo manne, mawili juu, mawili chini.

"Shimo litiwe kokwa moja, au lisitiwe," akasema. "Ila kokwa zisikae ubavu kwa ubavu, wala moja juu ya mwenzake. Kukingamana pembe kwa pembe, ruksa. Kuna namna ngapi za kupanga? Atakayepatia, chemchemi yake. Atakayekosa, namla."

Kenge akajitokeza, kifua mbele. Huyo naye! Aliwahi kulala nyuma ya shule siku moja, tangu hapo akajiita Mwalimu, na wajinga wakaitikia.

"Kokwa moja, mashimo manne. Nne!"

Akamezwa, na ualimu wake.

Nyani akamsonya marehemu. "Nne za moja moja, mbili za kukingamana. Sita! Nani zaidi?"

Wanyama wakapiga makofi. Alimezwa makofi yakiendelea.

Mama Kanga akasogea. "Shikamoo, babu Chatu."

"Na kakichwa hako?" wanyama wakacheka.

Akapanga moja moja, nne. Akakingamanisha, mbili. Akaziondoa kokwa zote apange tena, akashtuka. Akayatazama yale mashimo.

"Na hii je? Hakuna kokwa iliyogusa mwenzake."

"Lo! Tupu nayo ni namna? Nyumba isiyo na mtu utaihesabu?" wanyama wakadakia.

"Nitaihesabu. Si nyumba?" Akamgeukia Chatu. "Saba, babu."

Chatu akajikunjua, akaenda zake.

Wale wale wakaanza kusukumana: "Mwalimu Kanga! Tulijua tu!"

"Hamkujua lolote. Rudini nyuma, wanangu wanywe."

Vifaranga wakanywa, mmoja, wa pili, wa tatu. Wa tatu aliponyanyua kichwa na kulia kwa sauti, mama yake akalia naye.

Basi, ukiulizwa zote, hesabu hata ile unayoidharau. Ngano imeishia majini, mwenye kiu akanywe.

Na wewe hapo nyuma, ulisema sita, nilikusikia. Shukuru mimi si Chatu.