Mnara Ulioinama Pichani

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura, zamani za juzi tu hapa kwetu milimani Upare, simu zikiwa zimeshajaa mifukoni, palikuwa na mwashi akiitwa Fundi Senkondo. Alijenga mnara wa kengele wa kanisa kwa mawe na saruji, ukasimama, ukapendeza. Naringa nikiusimulia, nami sikubeba hata kokoto!

Siku ya kuuzindua, binti yake Navoneiwa, mwenye studio ya picha, akaupiga picha kwa simu. Lakini kanisa lile liko ukingoni mwa korongo. Ukisema urudi nyuma uupate mnara wote, unakwenda kuzikwa. Basi akasimama pale pale chini, akainua simu juu. Lo! Picha ikatoka mnara umechongoka kileleni, umelala chali kama mlevi.

Picha ikaruka simu hadi simu, watu wakavunjika mbavu. Wazee wa kijiji cha ng'ambo, waliotaka Senkondo awajengee mnara wao, wakatuma neno: "Mnara mlevi tumewaachia wenyewe. Kazi tunampa Fundi Mgonja." Senkondo akajifungia ndani, chakula hakipiti. Jina la mwashi ni ukuta wake, na ukuta wake ulikuwa unachekwa.

Navoneiwa ikamuuma. Akakaa mbele ya kompyuta, akafungua programu ya kunyooshea picha za majengo. Akachora mistari kufuata kingo za mnara, akaivuta picha, juu ikapanuka, chini ikabana, mpaka mistari ikasimama wima. Hakuongeza jiwe, hakupunguza jiwe. Ila picha ikivutwa hivyo, pembe za chini hubaki tupu, sharti zikatwe. Na kwenye pembe ya chini nani kasimama na kitenge kipya? Mama yake mzazi, Nakijwa, aliyebeba kichwani maji yote ya kukorogea saruji.

"Mama, picha hii ndiyo itakayotundikwa kanisani. Nikuhamishie katikati? Kompyuta inaweza."

"Thubutu!" mama akasema. "Ukinihamisha mimi, watasema na mnara umehamishwa. Nikate."

Akakatwa. Picha ikapelekwa ng'ambo. Wazee wakaitazama, wakaguna: "Aa, kompyuta hunyoosha hata ndizi."

Fundi Mgonja alikuwepo, yule yule aliyekwisha kupewa kazi. Yeye na Senkondo hata salamu walipeana shingo upande. Akasimama, akasema, "Wazee wangu, twendeni tukaone kwa macho."

Wakapanda mlima. Mgonja akakwea hadi kwenye kengele, akateremsha timazi, ule uzi wa waashi wenye risasi mwishoni. Uzi ukashuka kando ya ukuta, nafasi ile ile juu mpaka chini. "Picha imesema kweli," akasema. "Mnara u wima. Kazi hii si yangu tena."

Vigelegele hivyo! Senkondo akatoka ndani, kifua mbele, akala sahani mbili. Akaenda ng'ambo akajenga mnara wa pili, mrefu kuupita wa kwanza.

Sasa kule wana desturi: kengele mpya huvutwa kwanza na mtu mmoja, anayechaguliwa na mwashi, na jina lake huchongwa mlangoni. Senkondo akaishika kamba.

"Ni mimi, baba," akasema Navoneiwa. "Nisingeinyoosha ile picha, nani angeutazama mnara wako mara ya pili?"

"Si wewe uliyeupinda?" Mgonja akamchokoza.

"Niliupinda kwa simu, nikaunyoosha kwa akili. Wewe ungeweza?"

"Picha yako waliigunia, mwanangu. Timazi yangu hawakuigunia. Na tonge nimelitoa kinywani mwangu mwenyewe, nikampa mtu ambaye hata hanisalimu vizuri."

Mama Nakijwa akakaza kitenge kiunoni. "Nyinyi wawili mnaonekana. Wajukuu wataitazama picha ile kanisani, watauliza bibi alikuwa wapi siku hiyo. Ukweli wa picha ile nimeulipia kwa sura yangu, na sijutii!"

Senkondo akamtazama bintiye, akamtazama hasimu wake, akamtazama mkewe. Watu wamefurika hadi barabarani, kengele inangoja.

Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu mkiwa mmekaa! Kamba ni moja. Je, nani alistahili kuivuta?