Ghala Lisilo na Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele kicheko hakuna.

Hapo kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na bibi mmoja, Bi Mwasiti, kichwa chote mvi. Katika njaa ya usichana wake alizika wadogo zake wawili huku maghala ya watu yamejaa. Basi alipokuwa mkuu wa kijiji akawaapisha watu wote: wakati wa njaa, mwenye ghala akipigiwa hodi mlangoni, asikatae. Atoe kibaba kimoja cha mtama. Wakaapa, wakubwa kwa wadogo.

Njaa ikaja. Mvua ya kwanza ikagoma. Ya pili ikagoma. Ardhi ikapasuka pa! pa! pa!

Sasa, alikuwepo bwana mmoja, Chande, mwenye ghala kubwa kuliko yote. Siku moja watu wakasikia: pwata! pwata! pwata! Chande anakandika udongo. Akauziba mlango wa ghala lake mpaka usijulikane ulikuwa wapi. Kisha akatoboa paa, akaegesha ngazi. Akawa anaingilia juu, anatokea juu, kama paka.

Wenye njaa wakaja. "Hodi! Hodi!"

Chande akachungulia kutoka paani. "Hodi ya wapi? Mlango u wapi?"

Wakamshtaki kwa Bi Mwasiti. Chande akasimama pale hana hata wasiwasi. "Bibi, sheria yako ilisema mlangoni. Mimi mlango sina. Kosa langu nini?"

Bi Mwasiti akainamisha kichwa. Akayapima maneno yake mwenyewe, moja moja. Alikuwa akijivunia maneno yale, na kiburi, jamani, hata wenye hekima kinawapata. Akasema, "Hajavunja sheria."

Na watu je? Mnadhani walikasirika? Walicheka! "Ana akili huyo Chande!" Kesho yake, pwata! pwata! mashariki. Pwata! pwata! magharibi. Wiki haijaisha, kijiji kizima hakina ghala lenye mlango.

Palikuwa na mwanamke mkiwa, Siwema, hana mume, hana ghala. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mashavu, ndiyo kwanza anajifunza kusema. Siwema akamfunga mgongoni, akaenda kwa Chande.

"Hodi!"

"Mlango u wapi?"

Akaenda kwa wa pili. "Hodi!"

"Mlango u wapi?"

Akaenda kwa wa tatu, wa nne, wa saba. Jua lilipofika utosini akaangukia kwa Bi Mwasiti. Bibi hakuwa na ghala, alikuwa na chungu cha majani ya porini. Akasema, "Mlete mjukuu wangu anywe." Wakamfungua mgongoni. Mtoto alikuwa ameshapoa.

Bi Mwasiti akalia kwa sauti. Akajipiga kifua. "Mimi! Mimi ndiye niliyesema hajavunja!"

Wazee wakaja mbio. "Bibi, tuongeze neno. Tuseme mlangoni au paani."

"Nikisema paani, mtachimba shimo. Nikisema shimoni, mtahamia juu ya miti. Sheria ile ilikuwa ya kumlisha mwenye njaa. Mlijua. Na mimi siku ile nilijua, nikajitia sijui."

Mbao za kumbebea marehemu hazikuwepo. Bibi akaung'oa mlango wa nyumba yake kwa mikono yake. Wakamlaza Mashavu juu yake, wakaenda kumzika.

Chande naye alikuja mazikoni. Akasema, "Pole, Siwema. Ila sheria mimi sikuivunja."

Bi Mwasiti akamtazama. "Kweli, Chande. Sheria ni nzima. Aliyekufa ni mtoto."

Mvua ikanyesha. Chande akavuna, akanenepa, akafa mzee kitandani mwake, na watu wakamlilia. Msinitazame hivyo! Radi haikumpiga. Siwema alihama na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Bi Mwasiti aliishi katika nyumba isiyo na mlango mpaka mwisho wake. Mbuzi waliingia, mvua iliingia, mwenye njaa akaingia bila hodi.

Basi jueni: anayetafuta tundu katika sheria hatafuti haki, anatafuta pa kupitishia roho yake mbaya. Na anayemtazama akipita, akasema "hajavunja", wamepita pamoja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu haina. Uchungu wake mgawane.