Siku Saba za Tope Shuleni Kilimani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wangali wakivaa viatu na kugombania viti vya mbele mikutanoni, palikuwa na nchi moja yenye shule mbili.

Ya kwanza ilikuwa Kilimani. Ilikuwa na ubao, madawati, na kengele iliyolia ngo-ngo-ngo! Hiyo ilikuwa ya watoto wenye madoa peke yao: chui, duma, fisi, twiga, kanga. Ya pili ilikuwa Bondeni, ya wasio na madoa. Hiyo ilikuwa na kibanda kinachovuja na kitabu kimoja cha hesabu, nacho mchwa walikuwa wamekila kuanzia somo la kugawanya mpaka mwisho.

Nguchiro alikuwa mkazi wa Bondeni. Alikuwa mtu wa makamo, miguu mifupi, mdomo mrefu. Alikwisha kutembea nchi saba. Sita alifukuzwa, ya saba alikimbia mwenyewe.

Siku moja binti yake, Sikudhani, alirudi nyumbani akilia, kwi! kwi! kwi!

"Nimemaliza kitabu, baba. Kujumlisha najua, kutoa najua, kuzidisha najua. Kugawanya kumeliwa na mchwa!"

"Basi nitakufundisha mimi."

"Kwani wewe unajua?"

Nguchiro alikohoa. "Siku walipofundisha somo hilo, mwanangu, mimi nilikuwa safarini."

Akamshika mkono wakapanda Kilimani. Mwalimu Mkuu, Mzee Chui, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mwanafunzi."

"Madoa yake yako wapi?"

"Hana madoa, mzee. Ana kichwa."

"Akili hukaa ndani ya madoa!" Chui akanguruma. "Asiye na madoa hafundishiki. Shukeni kwenu!"

Njia nzima Nguchiro alipiga soga na kuchekacheka, lakini moyo ulimchoma kama pilipili. Mtoto hakucheka hata mara moja.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mila yake. Mvua za kwanza zikinyesha, kila mnyama, mkubwa kwa mdogo, aligaagaa matopeni kuwaaga kupe. Na tope lile halikuoshwa. Lilikaa mwilini mpaka lidondoke lenyewe. Ukioga kabla, basi kupe wa ukoo mzima wanahamia kwako! Hata Chui, na ukali wake wote, hakuthubutu kunawa uso.

Mvua ikanyesha, shwaaa! Nchi nzima ikaingia matopeni, chubwi! chubwi! Wakatoka wote rangi moja, kama vyungu vya mfinyanzi mmoja.

Nguchiro akajitazama, akamtazama bintiye, akapiga kofi. "Sikudhani! Chukua kibao chako cha kuandikia. Leo tunakwenda shule!"

Langoni walimkuta Fisi, mlinzi.

"Simama! Madoa yako wapi, binti?"

"Yawe wapi, kaka, siku ya tope?" Nguchiro akadakia. "Kwani ya kwako yako wapi?"

Fisi akajitazama tumboni, akajitazama mgongoni. Hakuona hata moja. "Ha! Yalikuwapo jana!"

"Basi tumwoshe mtoto hapa hapa tuhakikishe? Kupe wakihamia, tutasema ni wewe uliyetuamuru."

"La, la, la! Pita, binti, pita!"

Sikudhani akaingia. Mwalimu wa darasa alikuwa Bi Kanga, ndege mpole. Alimtazama mgeni kwa muda, akageuza shingo. "Karibu, mwanangu. Keti pale na Kibwana."

Kibwana alikuwa mtoto wa Mzee Chui mwenyewe, mkubwa kama gunia na mzito wa hesabu. Siku ya kwanza Bi Kanga alifundisha kugawanya. Siku ya pili Sikudhani alikwisha kuelewa. Siku ya tatu alikuwa akimfundisha Kibwana kwa kokoto, chini ya dawati.

Siku ya saba Mzee Chui alikuja kukagua, mbele ya wazazi wote. Nguchiro naye alikuwamo, amejibanza nyuma, tope mpaka masikioni.

"Viazi thelathini na sita, ngiri wanne," Chui akauliza. "Wagawane vipi?"

Mtoto wa Duma akanyoosha mkono. "Mkubwa wao anachukua vyote!"

Darasa likacheka. Sikudhani akasimama. "Tisa tisa, mwalimu. Wala hakibaki hata kimoja cha kugombania."

"Aah!" Chui akapiga meza, pwaa! "Mnaona, wazazi? Hayo ndiyo madoa! Hata tope haliwezi kuyaficha!"

Kishindo kile, wanangu! Tope lilikuwa limekauka. Pukutu, pukutu, pu! Likamdondoka Sikudhani, na chini yake ikatokea ngozi ya kahawia, haina doa hata moja.

Nguchiro alihisi miguu yake inataka nchi ya nane.

"Nje!" Chui akanguruma. "Toka nje!"

"Baba, usimtoe!" Kibwana akasimama. "Miaka miwili nilishindwa kugawanya. Nimekaa naye siku saba, sasa naweza. Akitoka yeye, na mimi natoka."

Mama Twiga akaingiza shingo dirishani. "Mwalimu Mkuu, umetuambia akili hukaa ndani ya madoa. Haya, tuonyeshe ya huyu."

Wazazi wakaangua kicheko. Chui akamtazama mwanawe, mara ya kwanza kumwona akitetea kitu.

"Fisi," akasema taratibu, "nenda kawaite watoto wa Bondeni. Wote. Na madawati yasogezwe."

Jioni ile Nguchiro alikwenda kwa Bi Kanga, kifua mbele.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba radhi. Nilikudanganya."

"Marahaba, Baba Sikudhani. Hukunidanganya. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijuaje, na tope lote lile?"

"Kwa harufu. Harufu ya nguchiro naijua vizuri. Kila yai langu linapopotea, harufu hiyo hubaki kiotani."

Nguchiro alitamani ardhi impokee. "Ukajua... na bado ukamkaribisha?"

"Alikuwa ameshika kibao cha kuandikia," akasema Bi Kanga. "Ningemfukuzaje?"

Yule mwenye maneno ya nchi saba akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka. Akapiga magoti, akasema asante mara tatu, na tangu siku hiyo akawa mlinzi wa kiota cha Bi Kanga. Hakugusa yai tena, ijapokuwa mate yalimtoka kila asubuhi.

Nanyi shikeni hili, wanangu: anayetaka kusoma asiulizwe ngozi, na aliyemfungulia mlango asisahauliwe shukrani.