Jua Usoni, Bwana Simba

Hapo zamani za kale, enyi watoto wa kelele, mvua iliisahau hifadhi moja ya nyika miaka mitatu mizima. Kikabaki kidimbwi kimoja tu, na hicho nacho Simba alikikalia, Fisi pembeni akimchekea hata asipochekesha.

Bi Digidigi kazi yake ilikuwa kutazama ndege na kuwapiga picha. Siku hiyo alitoka alfajiri, kamera shingoni. Akamfuata tandawala, akamfuata korongo. Filamu ikamwishia kwa mbuni, aliyegeuza matako dakika ya mwisho. Sasa ilikuwa saa nane. Kwato zawaka, shingo yauma, anataka kivuli chake tu ajilaze.

"Hodi, jirani!"

Alikuwa Firigogo, yule ndege wa rangi ya mchanga, anahema juani.

"Usiniombe kitu, Baba Mapacha. Nimechoka mpaka kope."

"Wanangu wana kiu. Tangu jana sijaloweka."

Maana firigogo hana ndoo. Huingia majini akaloweka manyoya ya kifua, akaruka nayo hadi kiotani, vifaranga wakafyonza. Lakini Simba hapitishi mtu.

"Huwezi kungoja jioni?"

"Jioni nitawazika."

Bi Digidigi akasonya. "Fyooo! Haya. Ukinisikia nasema 'tabasamu', ingia."

Akajikokota mpaka kidimbwini.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sogea nikule."

"Utanila tu, leo sina mbio za kukukimbia. Ila nilikuja kukupiga..."

"Kunipiga! Wewe? Mimi?" Simba akanguruma, nguruuu! Mchanga ukaruka.

"Picha, mzee, picha! Ndege wote nimewamaliza, mfalme bado. Watu watasema nini?"

Simba akalamba masharubu. "Hilo kweli."

"Na mimi!" Fisi akadakia. "Mimi mkono wake wa kulia!"

"Haya, geukeni. Kidimbwi mgongoni, jua usoni. Mkilipa jua kisogo mtatoka weusi kama tako la sufuria."

"Jua linachoma macho!" Fisi akalia.

"Uzuri una safari, Fisi, na yako ndefu. Tabasamu! Asitikisike mtu!"

Kacha! Kamera tupu kabisa.

Nyuma yao, chubwi!

"Nimesikia kitu," akasema Fisi.

"Tumbo lako. Lini limewahi kunyamaza? Umeniharibia, tunaanza upya. Tabasamu!"

Kacha! Firigogo anasugua kifua majini, taratibu, kama bwana harusi. Simba akigeuka sasa, ndege ataliwa, na mpiga picha atafuata.

"Loweka upesi, mjinga wewe," akasema moyoni. Kisha kwa sauti: "Kidevu juu, Bwana Simba. Zaidi. Mwenye enzi hatazami chini." Kacha!

Mwishowe, purrr! Firigogo akapaa, kifua kizito kinachuruzika. Tone likamdondokea Simba puani.

"Mvua!" akasema Simba. Macho yamejaa machozi ya jua, asingemwona hata tembo.

"Mvua, Bwana Mkubwa! Hehehe!" akaitikia Fisi, naye haoni.

"Nionyeshe picha," Simba akaamuru.

"Mpaka ikasafishwe. Kaeni vivyo hivyo, huenda nikahitaji nyingine."

Wakakaa.

Bi Digidigi akajiburuta hadi kwake, akalala bila hata kuvua kamera. Kwa jirani vifaranga walikuwa wanafyonza kifua cha baba yao, fyu fyu fyu, huku wanasukumana na kutukanana. Wazima hao.

Nanyi mkimkuta simba juani, kidevu juu, macho kafumba, mpiteni kimya. Anangoja picha yake.

Apendaye kutazamwa, haoni.