Fisi na Kamba ya Pima Kumi

"Nani aliyepima kamba?"

Swali hilo lilitoka chini ya korongo, kwa sauti ya kukoroma, na siku ile hakuna aliyelijibu. Leo nalijibu mimi, maana nimechoka kulisikia.

Haya, wenzangu, niwape?
Tupe!
Niwape kidogo?
Mwaga yote!

Hapo kale Bi Pimbi, mnyama wa ukubwa wa paka, aliishi na wanawe watatu katika ufa wa jabali, juu ya korongo lenye kina cha pima nane. Kila asubuhi walijifunga mguuni kamba ya katani ya pima tano, wakaruka. Chwaa! Kamba ikakaza, tinn! Wakaning'inia, ning'i-ning'i, wakicheka kichwa chini miguu juu. Kuna siku kitindamimba alichubuka pua. Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Siku moja Fisi akaja, akaziba mlango wa ufa kwa kifua chake. Watoto wako ndani, mama yuko nje.

"Shikamoo, mzee," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Nimekuja kuwala hawa watoto."

"Sawa, mzee. Ila ukishiba hutaweza kuruka. Kuruka ni kwa tumbo tupu."

"Kwani kuruka kuna nini?"

"Kuna utamu."

Fisi akameza mate, gudu! "Utamu gani huo nisioletewa?"

"Wa hewani, mzee. Moyo unapanda mpaka kooni, halafu unarudi."

"Nipe!"

"Hii hapa, pima tano. Ile ya pima kumi usiiguse, nimewawekea wanangu."

"Watoto pima kumi, mimi tano? Unanipunja!"

"Mzee, korongo lina pima nane."

"Unanipunja!"

"Mzee, nane."

"Funga kumi!"

Bi Pimbi akafunga kumi, kwa fundo zuri kabisa. Fisi akaondoka mlangoni, akasogea ukingoni, akafumba macho.

Chwaaa! Pima tano, raha. Pima sita, raha. Pima saba, raha tupu. Pima nane, puu!

Tinn haikulia. Kamba ilikuwa bado imelegea.

"Nani aliyepima kamba?"

Watoto wakatoka, wakachungulia chini, wakamtazama mama yao. Mama akawapangusa vumbi.

Fisi akaenda zake akichechemea, kiuno kimeteremka mpaka leo. Na kila anakopita anasema mchezo ule upigwe marufuku.

Hadithi yangu imefika ukingoni; anayeipenda aruke nayo, asiyeipenda aiache ining'inie. Fundisho lake ni hili: kuruka ni upuuzi, mwenye akili hasogelei jabali, na mkubwa akidai kamba ndefu asibishiwe.

Sasa, dada uliyekaa hapo karibu na ukingo, naomba unipimie kamba. Pima tano tu.