Aliyemfungua Mhina Ulimi

Hapo zamani, Mwenyezi Mungu alipokwisha kuwagawia watu ndimi zao, alikuwako kijana wa Kizigua jina lake Mhina. Alimpenda Nakiete wa milima ya Upare, na Nakiete alimpenda. Lakini ukoo wa Nakiete ulikuwa na desturi: mchumba mgeni haleti mshenga. Huposa kwa kinywa chake, kwa Kipare. Akishindwa, hurudi kwao na mbuzi wake.

Mhina akaenda kwa jirani yake Kiondo, aliyewahi kuishi Upare. Kiondo akampa maneno: maji, moto, kamba, mkia. Mhina akayameza yote. Alipopanda mlima akasalimiwa tu, yakamkwama kooni.

Akamwendea Nasero, mfinyanzi wa huko huko mlimani, akakiri kwamba anaogopa kuchekwa. Nasero hakumfundisha hata neno. Alimtwika vyungu. "Nenda gulioni, baba. Usirudi navyo, rudi na ndizi." Kesho yake akamtuma kuazima jembe, siku nyingine, kupatanisha waliogombania mfereji wa maji. Watu wakamcheka, naye akacheka, huku anaongea.

Na kila jioni bibi kizee, nyanya wa Nakiete, alimtaka asimulie alikopita. Mhina akikwama, bibi hamsaidii wala hamcheki. Anamenya maharage yake, anangoja.

Siku ya posa Mhina alikuja na hotuba aliyoikariri. Kufungua kinywa tu, fahali wa mkwe akakata kamba, akaingia kwenye mahindi. Hotuba ikatoroka naye. Mhina akamkimbilia, akiwapigia watu kelele kwa Kipare: wewe zunguka kule, wewe leta kamba, na wewe mzee shika mkia!

Mzee huyo alikuwa mkwe. Akaushika.

Fahali alipofungwa, mkwe akajipangusa matope, akasema, "Mwanangu, umekwisha kuposa."

Basi desturi ilisema pia: aliyemfungua mchumba ulimi ndiye atakayempa jina mtoto wa kwanza. Alhamdulillahi, mtoto akazaliwa, na watatu wakafika.

Kiondo akasema, "Huo mkia aliutoa kwangu. Bila udongo mtafinyanga nini?"

Nasero akasema, "Udongo wako ulikuwa umemkaukia kooni. Mimi ndiye niliyemtuma kwa watu, naye akaanza kusema."

Bibi akasema, "Maneno mlimpa, kazi mlimpa. Sikio alipewa na nani?"

Wote wakamgeukia Mhina. Naye, tangu siku ya fahali, hakuwahi kukwama. Siku hiyo akakwama.

Enyi wasikilizaji, mtoto analia na hana jina. Je, kati ya watatu hao, nani alistahili kumpa jina?