Mabegi Matatu ya Mwalimu Eliamani

Hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwingine, na wa kwanza kuituma simjui. Isome ukiwa umekaa. Ukiimaliza, utajua mwenyewe ni nani wa kumtumia.

Pale Same palikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Eliamani, aliyesifika kwa jambo moja: hajawahi kupoteza mtoto wa mtu.

Miaka thelathini na minne alifundisha shule moja ya msingi, na kila mwaka aliwapeleka wanafunzi safari ya kujifunza. Mara mbuga ya Mkomazi, mara mapango ya Amboni, mara bandari ya Tanga. Shule nyingine zilikuwa zikirudi na vilio: mtoto kasahaulika chooni, mtoto kapanda basi la watu. Kwa Mwalimu Eliamani, thubutu. Walitoka sitini, wakarudi sitini, na wazazi wakampigia makofi yeye.

Makofi mengine yalikuwa ya mkewe, ila hakuna aliyempigia. Mkewe, Namkunda, alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo, na katika safari zote yeye ndiye aliyetembea mkiani. Mume yuko mbele na filimbi yake, mke yuko nyuma kabisa anaokota kofia, anafunga kamba za viatu, anamngoja aliyebanwa na haja. Wakishapanda basi, Mwalimu alipaza sauti bila kugeuza shingo:

"Tumekamilika?"

Na sauti ya Namkunda iliitikia kutoka nyuma: "Tumekamilika, Mwalimu!"

Basi likaondoka. Hakugeuka hata siku moja, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kugeuka.

Walistaafu mwaka mmoja. Mwalimu aliondoka shuleni na saa ya ukutani aliyozawadiwa. Namkunda aliondoka na pumu. Vumbi la chaki la miaka yote hiyo lilikuwa limemkaa kifuani, na tangu hapo hakutoka nyumbani bila pampu yake, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ilikaa kwenye mkoba wake mdogo wa ngozi, pamoja na simu na leso, na mkoba ulikaa begani mwake.

Ndoa yao ilipofikisha miaka arobaini, binti yao mkubwa, Tumsifu, alikaa na wadogo zake wakakubaliana kuwapa wazazi zawadi. Mwalimu alikuwa amechora ramani ya Italia ubaoni maisha yake yote. "Nchi yenye umbo la buti," aliwaambia watoto, na buti lenyewe hakuwahi kulikanyaga. Wanawe wakaamua alikanyage: siku tisa, miji minne, kwa treni.

Hapo sasa Mwalimu akapata kazi. Alinunua kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaipanga Italia kama ratiba ya vipindi. Milano siku mbili. Venisi siku mbili. Firenze siku mbili. Roma siku tatu. Kila treni aliiandikia saa ya kuondoka, saa ya kufika, namba ya behewa. Na pale Bologna, mahali pa kubadilisha treni wakitoka Venisi kwenda Firenze, aliandika kwa wino mwekundu: dakika tisa.

"Dakika tisa si chache, baba Tumsifu?" Namkunda aliuliza, akichungulia juu ya bega lake.

"Dakika tisa ni nyingi. Watoto sitini nilikuwa nawapandisha basi kwa dakika sita."

"Nani alikuwa anawapandisha?"

Mwalimu alijifanya hakusikia. Namkunda akacheka, akaenda kutazama maharage yake jikoni.

Kisha likaja suala la mizigo. Mwalimu alilifikiria siku mbili nzima, siku ya tatu akamwita mkewe sebuleni, akamsomea kutoka kwenye daftari.

"Mikono yetu ni minne. Tutakuwa na mabegi matatu ya kuburuta: jeusi, la kahawia na la bluu. Mimi mawili, wewe moja. Mkono mmoja unabaki kwa ajili ya kushikia ukuta wa ngazi. Zaidi ya hapo ni fujo, na fujo ndiyo inayoachisha watu treni."

"Na mkoba wangu?"

"Utaingia ndani ya begi la bluu."

"Mna pampu yangu mle."

"Begi la bluu si ndilo utakaloburuta wewe mwenyewe? Basi pampu itakuwa mkononi mwako muda wote."

Namkunda aliangalia lile daftari na mistari yake iliyonyooka. Alitaka kusema kitu, akaona jinsi mumewe alivyofurahi, akakimeza. "Sawa, Mwalimu," alisema. Alimwita baba Tumsifu walipokuwa wanazungumza, na Mwalimu pale mazungumzo yalipokwisha.

Mikono minne, mabegi matatu. Katika hesabu hiyo nzuri hapakuwa na mkono wa kumshika mtu.

Milano mambo yalienda kama yalivyoandikwa. Kila stesheni Mwalimu alitangulia, akapandisha mabegi, akayagusa kwa kidole. "Moja, mbili, tatu." Kisha, uso ukiwa umeelekea mbele: "Tumekamilika?" Na Namkunda, akihema kidogo, aliitikia kwamba wamekamilika. Abiria wa Kitaliano walitabasamu kuwaona wazee wawili wanaoitana hivyo. Mwalimu alijisikia kijana.

Venisi ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mji ule hauna magari, una madaraja, na kila daraja lina ngazi zake. Mwalimu alikuwa ameandika madaraja kumi na moja kwa siku ya kwanza, na yote kumi na moja wakayapanda. Unyevu wa maji ulimwingia Namkunda kifuani. Asubuhi ya kuondoka aliamka akikohoa, akavuta pampu mara mbili, akakaa kitandani na viatu mkononi.

"Baba Tumsifu, tuondoke kesho. Leo nipumzike."

"Tiketi ni za leo, mama."

"Si tunaweza kukata nyingine?"

Mwalimu alifungua kaunta buku, akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile. "Tukilala hapa, Firenze inabaki na siku moja. Firenze ikibaki na siku moja, Roma nayo inavurugika. Utapumzika ndani ya treni, umekaa tu."

Hakuwa mtu mbaya, na hili ningependa lieleweke. Alimchemshia maji, akamfungia kamba za viatu kwa mkono wake. Ila daftari lilikuwa limefunguka kati yao, na alilisoma daftari badala ya kumsoma mke.

"Sawa, Mwalimu," Namkunda alisema. Akarudisha pampu kwenye mkoba, mkoba akauweka ndani ya begi la bluu kama utaratibu ulivyotaka. Gauni lake la kitenge halikuwa na mfuko.

Treni ya kutoka Venisi ilichelewa dakika nne. Zile tisa zikabaki tano.

Bologna ni stesheni kubwa. Jukwaa walilotakiwa kwenda lilikuwa upande wa pili: unashuka ngazi, unapita chini ya reli, unapanda ngazi nyingine. Mwalimu alishuka akiburuta mabegi yake mawili, watu wakimpisha. Chini kule akasikia kikohozi nyuma yake, na kishindo cha begi likigonga ngazi, kisha kimya, kisha kishindo kingine. Alitazama saa. Dakika tatu.

Akarudi hatua chache, akampokonya mkewe begi la bluu.

"Lete hilo, linatuchelewesha."

Akalipandisha begani, jeusi mkono huu, la kahawia mkono ule, akaanza kupanda ngazi kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo. Nyuma yake Namkunda aliita, kwa sauti nyembamba:

"Baba Tumsifu! Begi la bluu..."

"Nimelishika!" Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Usiwe na wasiwasi, nimelishika!"

Treni ilikuwapo, milango wazi. Alirusha jeusi, akarusha la kahawia, akapanda na la bluu begani. Jasho lilimtiririka, moyo ulimdunda, na alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mashindano. Akayapanga ukutani, akayagusa kwa kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Tumekamilika?"

Mlango ulijifunga.

"Tumekamilika?" aliuliza tena.

Ndipo akageuka. Nyuma yake palikuwa na kioo cha mlango, na nje ya kioo jukwaa lilikuwa limeanza kurudi nyuma pole pole. Namkunda alikuwa amekaa juu kabisa ya ngazi, amejishika kifua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameuinua juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema.

Mwalimu alipiga mlango kwa viganja. Alipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kipare, kisha akakumbuka Kiingereza. Mkagua tiketi alikuja mbio, akamsikiliza, akapiga simu stesheni. Lakini treni ile haisimami popote mpaka Firenze, akasema, dakika arobaini.

Basi Mwalimu akatoa simu yake ampigie mkewe, amwambie akae palepale asiende kokote, anarudi.

Simu iliita. Iliita miguuni pake, ndani ya begi la bluu.

Akalifungua. Juu ya nguo zilizokunjwa vizuri palikuwa na mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba, simu ilikuwa inawaka jina lake yeye, na pembeni ya simu ilikuwa pampu. Aliishika, akaketi sakafuni, akaelewa ni kitu gani mkewe alikuwa anamwambia pale ngazini. Watu walimsogelea wakimuuliza kama anaumwa. Alikaa hivyo dakika arobaini, amekumbatia dawa ya mtu asiyekuwapo.

Firenze hakuiona. Alivuka jukwaa, akapanda treni ya kwanza ya kurudi, na mabegi aliyaacha palepale abiria walipoyashusha. Begi gani tena?

Pale Bologna, askari wawili walimpokea na kumwongoza hadi chumba kidogo. Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja wa Kitaliano, mnene, aproni kiunoni, muuza kahawa wa pale stesheni. Macho yake yalikuwa mekundu. Madaktari walikuja mbio, alieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza, lakini pumzi ilikuwa imekwisha kabla hawajafika. Yeye ndiye aliyemshika mkono. Hakumwacha hata kidogo, alisema, mpaka mwisho.

Kisha akamtazama Mwalimu usoni na kumuuliza, "Wewe ndiye Anakuja?"

Mwalimu hakuelewa.

"Nilimuuliza yuko na nani," yule mama alisema. "Akawa anataja jina moja tu. Anakuja. Anakuja. Nikamwambia atulie, Anakuja atafika. Ni wewe?"

Mwalimu Eliamani, aliyefundisha lugha miaka thelathini na minne, alikosa namna ya kumweleza mama yule kwamba lile halikuwa jina.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Ilichukua siku kumi na mbili kumrudisha Namkunda nyumbani. Wanawe walitaka kutuma mtu wa kwenda kumsaidia baba yao, akakataa, akasema atarudi naye mwenyewe. Stesheni ya Firenze ilimtumia mabegi yake matatu, yote salama, hakuna hata zipu iliyofunguka. Na tangu siku ile watu walimwona ana tabia mpya: akitembea, kila baada ya hatua chache alisimama na kugeuza shingo.

Kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, upande wa mizigo, Tumsifu na wadogo zake walikuwa wakisubiri nje na gari. Ndani, karani aliyekuwa zamu, kijana mpole asiyejua habari hii, alipitisha kalamu kwenye karatasi.

"Mabegi matatu," alisoma. "Na jeneza moja. Jumla mizigo minne. Weka sahihi hapa, mzee."

Mwalimu aliweka sahihi. Karani akachana nakala, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee wangu. Mmekamilika?"

Mwalimu Eliamani akageuka nyuma, akasimama, akangoja kuitikiwa.

Funzo: Yule anayetembea nyuma yako ili wewe usipoteze kitu, naye anaweza kupotea. Usingoje kimya ndipo ugeuke. Mtazame leo, angali anakuitikia, na mkono wako mmoja uache wazi kwa ajili yake.